Mbawakawa wa mabawa mafupi: mbona yupo kwenye msitu wa kijito tu, kwenye miombo hayupo?

#1 Mwalimu wa Makere

Habari za jioni wakuu.

Niko Kasulu, upande wa Makere. Kuna mdudu ninamfuatilia tangu mvua za mwaka jana na mpaka leo hajanitoka kichwani. Mweusi tii, mwembamba, urefu sentimita moja na nusu hivi. Mabawa yake ya juu yanaishia mbavuni, tumbo karibu lote liko nje na pingili zake unaziona moja moja. Ukimgusa anakunja mkia juu kama nge, halafu anatimua mbio na kuzama kwenye majani.

Namkuta sehemu moja tu: chini ya majani yanayooza kwenye ule msitu mnene unaofuata kijito kinachoteremka kuelekea mto Ruchugi. Nikitoka hapo nikaingia kwenye miombo, lile pori la wazi la mitundu na miti jamii yake, hatua chache tu, simkuti. Nimefukua chini ya mitundu, nimegeuza magogo, hakuna. Narudi kijitoni, nafunua majani, huyo hapo.

Ninachoamini mimi: huyu ni mdudu wa misitu ya Kongo aliyebakia huku kwetu kwenye vipande vipande. Miti ya kandokando ya vijito ikiishia kwenye mkaa na mashamba, naye kwisha habari yake, na huenda hata jina hajapewa. Wanaomjua waje. Wilaya nyingine za Kigoma na Tabora yupo? Anakaa wapi?

#2 Mgeni Njiani

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kijana wa Kibirizi

Mwalimu, huyo nairobi flai, usijisumbue. Huku Kibirizi mvua zikianza tunafunga madirisha na joto letu hivyo hivyo. Alinipitia shingoni usiku, nikaamka na mchirizi unawaka moto, malengelenge mpaka begani. Mambo ya msitu hayapo, huyo anafuata taa. Na anauma balaa.

#4 Nesi wa Urambo

Kijana #3, pole, lakini hapo kwenye kuuma turekebishane. Nairobi flai haumi na hana mwiba. Sumu yake inaitwa pederini, imo ndani ya damu yake, na inakupata pale unapomponda au kumsugua kwenye ngozi. Malengelenge yanatokea baadaye, mara nyingi siku inayofuata, ndiyo maana mtu anaamka anasema amekojolewa na mjusi.

Kwenye zahanati wanakuja wengi wakidai wana mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi unafuata mshipa wa fahamu upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu yanatangulia upele. Huu wa mdudu unafuata pale mkono wako ulipomburuta. Akipondekea kwenye mkunjo wa kiwiko, unakuta kidonda juu na kingine chini vinatazamana, kwa sababu ngozi mbili zimegusana.

Ukimwona juu yako mpulize, au mwekee karatasi apande mwenyewe. Usimpige kofi. Osha haraka kwa maji na sabuni, na mkono huo usipeleke jichoni. Likipata jicho, nenda hospitali.

Halafu tazama rangi. Nairobi flai ana kichwa cheusi, kifua chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, mabawa mafupi ya buluu au kijani yanayong'aa, na tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Urefu milimita 7 hadi 10. Wa mwalimu ni mweusi wote na ni mkubwa zaidi. Siyo yeye.

#5 Mchekecha Mboji

Nesi ameeleza vizuri sana, nami naongezea upande wa mdudu mwenyewe maana ndiyo kazi niliyosomea.

Familia yao ni Staphylinidae. Spishi zilizokwisha kupewa majina duniani zimepita 60,000, ni moja ya familia kubwa kabisa za wanyama. Nairobi flai ni jenasi moja tu humo, Paederus, yenye spishi zaidi ya 600, na Afrika Mashariki wanaotajwa zaidi ni Paederus sabaeus na Paederus eximius. Kwa hiyo wa #1 na wa #3 ni ndugu wa mbali. Kumfikisha wa mwalimu kwenye jina la spishi kunataka hadubini, na mara nyingi mpaka umpasue dume utazame viungo vya uzazi. Humu tunaweza kuzungumzia makazi, na makazi ndiyo yenye utamu.

Yale mabawa mafupi yanamsaidia kujipinda na kupenya kwenye nyufa: kati ya jani na jani, chini ya gome, kwenye matundu ya udongo. Bawa la kurukia limekunjwa kwa ustadi mkubwa chini ya hilo fupi, na wengi wao wanaruka vizuri. Ila kuna gharama. Mbawakawa wa kawaida tumbo lake limefunikwa, huyu lake liko wazi, kwa hiyo maji yanamtoka kirahisi. Miombo kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kavu kabisa, kijito cha mwalimu kina unyevu mwaka mzima. Jibu langu ni unyevu. Kongo tutaifikia baadaye.

#6 Mkulima Igunga

Mkuu #5, unyevu nina mashaka nao. Huku kwetu kiangazi ardhi ya mbuga inapasuka mpaka mguu wa ndama unaingia. Lakini geuza kinyesi cha ng'ombe cha juzi, juu kimeshaweka gamba, chini yake unawakuta weusi wa mabawa mafupi wanakimbizana. Jua kali, mti hamna, kijito hamna. Hao nao wa msituni?

#7 Mchekecha Mboji

Hao ni kundi jingine, jenasi kama Philonthus, na wanafuata mabuu ya nzi walio ndani ya hicho kinyesi. Na chini ya gamba hilo kuna unyevu wa kutosha. Mdudu wa sentimita moja haishi Igunga, anaishi ndani ya kile kinyesi. Hali ya hewa ya wilaya haimhusu sana.

#8 Mkulima Igunga

Sasa umenipa fimbo ya kukuchapia. Kama unyevu wa chini ya kinyesi unatosha kwenye mbuga ya Igunga, mbona unyevu wa chini ya gogo kwenye miombo ya Kasulu hautoshi? Mwalimu amesema magogo ameyageuza. Kuna kitu kingine hapo.

#9 Asali ya Sikonge

Kitu chenyewe ni moto. Nashangaa hamjautaja mpaka sasa.

Mimi ni mfugaji nyuki, miombo ndiyo ofisi yangu. Miti inapukutisha majani kiangazi, nyasi zimekauka, mwezi wa saba na wa nane moto unapita. Mwingine wa wawindaji, mwingine wa wafugaji wanaotafuta majani mabichi, mwingine wa mtu aliyekuwa anasafisha shamba ukamshinda. Kesho yake unakanyaga majivu matupu, na gogo alilogeuza mwalimu lilishababuka upande wa chini. Moto ukifika kwenye msitu wa kijito unapoa wenyewe, majani ya pale mabichi na chini kumelowa. Wanaoishi kwenye majani yaliyooza watabaki wapi kama siyo hapo? Kule ndani ya Sikonge ambako moto hupita kila mwaka chini kumefagiliwa, ila kwenye vijito unakuta majani yamelala tabaka kwa tabaka.

Na hawa wadudu mbona hata kwenye mizinga yangu ya magome wapo? Weusi, mabawa yameacha ncha ya tumbo nje.

#10 Mchekecha Mboji

Hoja ya moto naipokea, nzito. Ila huyo wa kwenye mzinga ni Aethina tumida, mbawakawa mdogo wa mizinga. Familia nyingine kabisa. Mtazame: mviringo, bapa, papasi zake (vile vinyweleo viwili vya kichwani) zina kirungu mwishoni, na mabawa yameacha ncha tu ya tumbo. Hawa tunaowazungumzia ni warefu na pingili kadhaa za tumbo ziko wazi. Aethina asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, nyuki wetu wanamdhibiti. Alipofika Marekani kwenye miaka ya 1990 nyuki wa kule walipata shida kweli.

#11 Kijana wa Kibirizi

Kumbe asali ya Sikonge inakuja na kitoweo ndani yake.

#12 Asali ya Sikonge

Dogo, asali yangu inachujwa. Njoo Tabora nikupe kopo ulambe, shingo ipone.

#13 Mzee wa Luiche

Wanangu, nairobi flai wa Kigoma mjini msiwatafute msituni. Wanatoka bondeni. Bonde la mto Luiche hapa karibu na Ujiji tunalima mpunga, na ukiinama kwenye majaruba asubuhi unawaona wekundu wanapanda na kushuka kwenye mashina. Mchana wanatembea kwenye majani, wala hawana ugomvi na mtu. Giza likiingia, taa za mji zikiwaka, wanaruka kwenda kwenye mwanga.

Na wanaongezeka maji yakiongezeka. Mvua za El Niño za 1997/98 tunazikumbuka, mpaka Kenya walilia na wadudu hawa. Na miaka hii ya karibuni ziwa Tanganyika lilipopanda likala fukwe, sehemu zilizokuwa kavu zimegeuka matope na matete. Mnategemea nini?

#14 Nesi wa Urambo

Mzee amesema kweli. Sisi wagonjwa wa ngozi ya namna hii tunawaona mvua zinapoanza na zinapoelekea mwisho. Katikati ya kiangazi ni nadra.

#15 Mpiga Karabai

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Enzi za karabai na sasa hizi taa za sola, mambo ni yale yale: usiku wa giza mkiwasha taa katikati ya ziwa, mbali na nchi kavu, wadudu wanakuja. Kumbikumbi, nondo, mbu wa ziwani, na hao wekundu nimewaona kwenye mtumbwi zaidi ya mara moja. Upepo ukitoka milimani usiku unawaleta. Kwa hiyo mnaosema huyu wa Kongo na huyu wa kwetu, ziwa halimzuii mwenye bawa. Labda upana wake wote, sijui, lakini nusu ya safari nimemwona kwa macho yangu.

#16 Mwalimu wa Makere

Asanteni sana, uzi umenoga. Naongeza nilichokiona wiki hii.

Kuna mkuyu umedondosha matunda pale kijitoni, yamelala kwenye majani yanachacha. Nikachuchumaa nikatulia. Yule mweusi akatokea pembeni ya tunda lililopasuka, akasimama, papasi zinachezacheza. Akaingiza kichwa kwenye ufa, akatoka na buu la nzi ameling'ang'ania kwa meno yale mawili yanayopishana mbele. Buu linajinyonganyonga, yeye anarudi kinyumenyume mpaka chini ya jani. Nilipofunua jani kwa kijiti alikuwa ameshalitoboa, analifyonza, limebaki ngozi.

Sasa swali kwa #5 na #9. Kama ni chakula, matunda yanayooza na mabuu yako kijitoni muda mrefu wa mwaka kwa sababu miti ya pale inapokezana kuzaa. Miombo matunda yake mengi ni maganda makavu. Kwa nini isiwe chakula tu, siyo unyevu wala moto?

#17 Mchekecha Mboji

Umefanya uchunguzi mzuri kuliko wengi wenye maabara, mwalimu. Wengi wa familia hii ni wawindaji, na mabuu ya nzi ni chakula kikuu cha wakubwa kama huyo. Wanaenda mpaka kwenye mizoga. Wapo hata wa jenasi ya Aleochara ambao mtoto wao anaingia ndani ya bundo la nzi, ile hatua kati ya buu na nzi kamili, na kulila humo humo.

Tatizo ni kwamba chakula, unyevu na kukosekana kwa moto viko mahali pamoja. Huwezi kuvitenganisha kwa macho. Ungepata msitu wenye unyevu usio na matunda, au miombo ambayo haijachomwa miaka mingi, hapo ndipo ungeona.

#18 Mpanda Kakombe

Nimefanya kazi ya kuongoza wageni hifadhi ya Gombe, naleta kitu kingine. Mabonde ya Gombe, Kakombe, Mkenke, Kasekela, chini yana msitu mnene, ukipanda migongo ya milima unatokea kwenye miombo na nyasi. Sawa kabisa na anavyosema mwalimu, ila pale mwinuko ni mkali, unavuka aina tatu za uoto kabla jasho halijakauka.

Siafu wakihama, simama pembeni utazame vizuri mstari wao. Katikati ya siafu utaona vidudu vyembamba vinakimbia nao, mwendo tofauti kidogo, mkia umeinuka, na siafu hawavigusi. Mtafiti mmoja aliniambia ni mbawakawa wa familia hii hii. Nikabisha. Akakamata kimoja kwa kibanio akanionyesha kwenye lenzi: mabawa mafupi kweli. Tangu hapo nikiona siafu, watu wanaangalia sokwe wanaochovya fimbo kuwala, mimi naangalia mstari.

Swali langu: hawa makazi yao ni msitu, au makazi yao ni siafu?

#19 Mchekecha Mboji

Mkuu #18, umegusa pale ninapopapenda kuliko pote. Hao wanaishi na siafu, wanahama nao, wanakula nao, na wengine wamebadilika umbo mpaka kiuno kimekuwa chembamba wafanane na siafu. Utafiti uliotoka 2017 ulionyesha kwamba umbo hilo la kuiga siafu lilitokea angalau mara 12 katika koo tofauti za hawa mbawakawa, kila ukoo kivyake. Ramani yao ni ramani ya siafu wao, msitu unafuata baadaye.

Wapo pia wa kwenye vichuguu. Ndani ya chumba cha mchwa kuna mbawakawa wa mabawa mafupi ambao tumbo limevimba na kukunjwa juu ya mgongo, mchwa wanawalisha wenyewe. Kichuguu kimesimama katikati ya miombo ya Kaliua, nje kumekauka, ndani kuna unyevu na joto la kudumu. Na moto unapita juu bila kuwafikia.

#20 Mkulima Igunga

Kwa hiyo ukifukua kichuguu, hoja ya "miombo hawapo" inakufa.

#21 Mwalimu wa Makere

Haifi mkuu. Nilisema huyu mweusi mkubwa hayupo, sikusema familia nzima.

#22 Bint Nguruka

Samahani kuingilia. Nyumbani Nguruka kuna wadudu weusi warefu wenye koleo mkiani, wanajificha kwenye mahindi na chini ya ndoo. Wazee wanatuambia wanaingia masikioni. Ndio hao?

#23 Nesi wa Urambo

Hao siyo dada yangu. Wenye koleo mkiani ni jamii nyingine, hata siyo mbawakawa. Na ya masikioni usiogope, hawana tabia ya kutafuta sikio la mtu.

#24 Ramani Zangu

Nimesoma uzi wote toka juu. Nikubaliane na wote au nisikubaliane na yeyote, kuna jambo hamjaligusa: nani amewahi kutafuta?

Fungueni GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe hai, mtazame alama za mahali familia hii ilipokusanywa upande wa magharibi mwa ziwa na kaskazini, Kongo, Rwanda na Burundi. Wabelgiji walikuwa na makumbusho yao Tervuren kule kwao, wakapeleka watu kukusanya kwenye hifadhi za Kongo kama Upemba, na Georges Fagel akakaa miaka akiandika spishi mpya za mbawakawa hawa kutoka kwenye makusanyo hayo. Ruanda-Urundi ilikuwa chini yao mpaka 1962. Kwa upande wetu, waliokusanya mboji za misituni walivutiwa zaidi na milima ya mashariki, Usambara na Uluguru. Katikati ya hapo, Kasulu, Kibondo, Kaliua, Sikonge, alama ni za kuokoteza.

Kwa hiyo mtu akiangalia ramani anaona mdudu yupo Burundi halafu "anaishia" mpakani. Mdudu hajui Manyovu kuna mpaka. Kilichoishia pale ni mwenye kuchekecha mboji. Mwalimu anasema msitu wa Kongo, mimi nasema kwanza tupate alama huku kwetu, ndipo tujue nini ni cha Kongo.

#25 Mpanda Kakombe

#24 naheshimu hoja yako, ila Kongo hatuisemi kwa ramani ya mbawakawa peke yake. Gombe na Mahale wana sokwe na kima wekundu, na msitu wa Kasoge kule Mahale una miti ambayo ndugu zake wako ng'ambo ya ziwa. Mahale mlima Nkungwe unafika mita 2,462, juu kuna msitu wa mlimani, chini msitu wa bonde, na sehemu kubwa ya hifadhi ni miombo. Sokwe hakuogelea ziwa. Alikuja kwa kuzunguka, wakati misitu ilikuwa imeungana. Kwa nini mdudu asiwe alikuja naye?

#26 Ramani Zangu

Inawezekana. Lakini sokwe anatembea kwenye miombo pia, Ugalla na Masito wapo na kule msitu ni mwembamba sana. Kutembea kwa sokwe hakuthibitishi mdudu wa mboji alitembea.

#27 Mchekecha Mboji

Hapa ndipo bawa linapoamua. Mpiga Karabai #15 anasema ziwa halimzuii mwenye bawa, na kwa nairobi flai nakubaliana naye. Lakini wapo wa mboji, hasa wa milimani, ambao bawa la kurukia limepungua likabaki kishikizo. Hao hawaruki kabisa. Mlima mmoja una wake, mlima wa pili una wengine. Hata ndani ya Paederus wapo wa milimani wasioruka.

Mwalimu, ukimpata aliyekufa, inua bawa fupi kwa ncha ya sindano. Chini yake kukiwa na bawa jembamba, angavu, limekunjwa mara kadhaa, basi anaruka, na kipande cha msitu wako kinaweza kupata wageni kutoka kijito kingine. Kusipokuwa na kitu, huyo ametoka mbali kihistoria, na kijito kikikatwa harudi.

#28 Kijana wa Kibirizi

Turudi kwenye kuua. Hawa wekundu dawa yao gani ya kupulizia? Serikali ya mtaa ipite na pampu.

#29 Mzee wa Luiche

Usifanye hivyo mwanangu. Yule kwenye jaruba anakula wadudu wanaofyonza mpunga. Ukimuua huyo, wale watakushukuru. Mimi wakati wa msimu nazima taa ya barazani mapema, nalala kwenye chandarua, basi. Taa ukitaka iache mbali na mlango.

#30 Mchekecha Mboji

Mzee yuko sahihi, kwenye mpunga Paederus wanakula vidukari na wale wadudu warukaji wanaofyonza mashina.

Na kuhusu hiyo sumu, kuna habari ya ajabu: Waitaliano Pavan na Bo walipoitenga 1953 walihitaji wadudu milioni 25. Baadaye, mwaka 2002, ikaonekana kwamba anayeitengeneza ni bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanaoishi ndani ya mdudu jike. Jike anaipitisha kwenye mayai, na mtoto wake buibui akimwonja anamtema. Ndiyo maana wachache sana wanathubutu kumla.

#31 Mama Mawese

Jamani nami nichangie, maana mnasema msitu msitu. Mimi nina michikichi mteremko wa kuelekea Mwandiga. Kijito hakuna pale. Kuna mchikichi wa zamani ulianguka, umelala miaka, ndani umekuwa laini kama uji. Jana baada ya kusoma uzi huu nikaugonga kwa jembe. Wametoka weusi, warefu, mabawa mafupi, mkia juu, na mmoja alikuwa mkubwa kweli, amefika nusu ya kidole changu cha mwisho. Msitu wa karibu uko mbali na kwangu.

Mwalimu, huyu si ndiye wako?

#32 Mwalimu wa Makere

Mama, umenishtua. Ulitazama kichwa? Wa kwangu kichwa kipana kuliko shingo, meno yanatokeza mbele. Na pale kuna kivuli?

#33 Mama Mawese

Kivuli kipo, michikichi imekaribiana na juu imefunga. Chini tunaacha makuti yaoze. Kichwa kikubwa ndiyo, meno sikutazama, alikuwa na haraka kuliko mimi.

#34 Asali ya Sikonge

Makuti yanaoza, moto hauingii kwa sababu ni mali ya mtu. Nani alisema moto?

#35 Mkulima Igunga

Na mabuu yapo kwenye mti uliooza. Nani alisema chakula? Mwalimu. Mimi nilisema siyo unyevu peke yake.

#36 Ramani Zangu

Na mama amempata kwa jembe moja mahali ambapo hakuna alama hata moja. Nani alisema hakuna aliyetafuta?

#37 Mchekecha Mboji

Polepole. Inawezekana ni spishi mbili tofauti, mmoja wa magogo na mmoja wa mboji, kwa macho wanafanana sana. Tukitaka kusonga mbele, tufanye kitu kimoja kwa namna moja. Chukueni kopo la plastiki, lizikeni mpaka mdomo ulingane na ardhi, ndani weka maji yenye tone la sabuni, juu weka kibanda cha jani au bati dogo mvua isijaze. Moja kwenye kijito, moja kwenye miombo, moja shambani. Tazameni kila asubuhi. Pia chekecha mboji kwenye chekeche la mchanga, weka kwenye faneli, juu washa taa ya joto, chini weka chupa ya spiriti. Wanakimbia joto wanadondokea chini. Kila chupa andika mahali, tarehe na uoto, kwa penseli, maana wino unayeyuka.

Ndani ya Gombe, Mahale na hifadhi nyingine msiguse kitu bila kibali. Utafiti unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Kwenye shamba lako uko huru, msitu wa kijiji ongea na kamati ya mazingira.

#38 Kijana wa Kibirizi

Spiriti ikikosekana, gongo inafaa?

#39 Nesi wa Urambo

Spiriti inauzwa duka la dawa. Gongo mwache mdudu, na wewe uiache.

#40 Asali ya Sikonge

Nina kijito na miombo ambayo tumeilinda na moto kwa ajili ya mizinga, misimu kadhaa haijachomwa. Nitaweka kopo huko na kwa jirani ambako huchomwa. Kwenye ile isiyochomwa akipatikana, mwalimu atajua msitu wa Kongo hauna kesi.

#41 Mwalimu wa Makere

Weka mkuu, na akikosekana pia utuambie. Wanafunzi wangu nao wameomba kuzika makopo pembeni ya shamba la shule. Kilicho moyoni mwangu ni kwamba kipande kile cha msitu kila nikienda nakuta tanuri jipya la mkaa, na sitaki tumjue huyu mdudu baada ya kuwa ametoweka.

#42 Mama Mawese

Nimerudi kwenye gogo. Leo kuna kidudu kirefu, hakina mabawa, rangi ya maziwa yaliyoungua, kichwa cha kahawia, miguu sita, mkiani vijiti viwili. Kinakimbia mbio. Ndiyo mtoto wao?

#43 Mchekecha Mboji

Kwa maelezo hayo, ndiye mama, uwezekano ni mkubwa. Na hiyo ina uzito kuliko yule mkubwa, kwa sababu mkubwa anaweza kuwa mpita njia, mtoto anaonyesha wamezalia hapo. Mrudishie gome lake, usiliache gogo wazi juani. Mtu wa Kibondo au Buhigwe mwenye mchikichi ulioanguka naye apige jembe atuambie.

#44 Mzee wa Luiche

Mimi naanza kesho. Ninao mmoja umelala karibu na mfereji, na mwingine uko juu pakavu. Nitaipasua yote miwili.